Mkono wa Moto na Dundu wa Pembe

Mama mkwe wangu hakuwahi kunitukana. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia neno mama mkwe hukaa vizuri kitini wakingojea matusi, na hapa watayakosa. Alikuwa mwanamke mpole, mjane, mwenye kucheka kwa mabega, na siku aliyoniambia kwamba mkono wangu ni wa moto alikuwa akinipakulia wali. Alisema kama mtu anavyosema fulani ni mfupi, au fulani anatumia mkono wa kushoto.

"Hii mkono yako ni ya moto, mwanangu," alisema. "Ni Mungu alikupa tu hivyo. Kula, wali inapoa."

Nilikula. Wali ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kwa asiyejua, mkono wa moto ni mkono usiokuza kitu. Kaloleni ya Kisumu, katika zile nyumba za manispaa tulizoishi miaka ya themanini, kila ua ulijua mkono wa nani ni baridi na wa nani ni wa moto. Mwenye mkono baridi ndiye aliyeitwa kufukia mbegu za maboga, na ndiye aliyewekea kuku mayai alipotaka kuatamia. Mwenye mkono wa moto alipewa kufua, kuchota maji, kumenya viazi na kwenda sokoni. Hakuchukiwa hata kidogo. Aliwekwa tu mbali na kila kitu kilichotarajiwa kuota au kutotolewa.

Mimi niliingia katika kundi hilo mara baada ya harusi. Mama, maana ndivyo nilivyomwita mama mkwe, kwa kuniheshimu kama bibi arusi, alinipa mayai niwekee kuku wake, na mayai yote yakatoka viza. Harufu ilifika hadi mferejini, ambako ua mzima ulichota maji. Kisha nikafukia mbegu za maboga, zikachipuka kidogo, zikanyauka. Halafu miaka ikapita na sikushika mimba, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kunieleza chochote.

Nina hasira za karibu. Nyumbani kwetu Otonglo, ambako mama yangu aliuza vyungu sokoni kando ya barabara, nilipanda mahindi na kunde tangu utotoni, na vikaota bila kuuliza mkono ni wa nani. Lakini Kaloleni sikuwa na njia ya kujitetea, maana sikupewa tena mbegu wala yai. Mtu ataonyeshaje kwamba mkono wake ni mzima, ikiwa kila chenye uhai kinasogezwa mbali naye? Nilimlalamikia mume wangu, aliyekuwa fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache. Akasema, "Mimi sijasema kitu juu ya mkono yako." Ni kweli. Hakusema kitu, upande huu wala ule, na nilimnunia wiki nzima kwa sababu hiyo.

Kazi moja ya bustani niliyoachiwa ilikuwa kubeba samadi ya sukuma wiki za Mama. Kulikuwa na mzee aliyefuga ng'ombe nyuma ya mtaa, na lundo lake la samadi kuukuu lilikuwa refu kunipita. Nilijaza debe, nikalibeba kichwani, nikafika uani na kuichekecha kwa kipande cha wavu wa waya. Wavu ulipotikisika, mabuu walibaki juu. Nasema mabuu, lakini msifikirie wale wadogo wa kwenye nyama iliyooza. Hawa walikuwa wanono, weupe kama maziwa yaliyoganda, wenye kichwa cha rangi ya kahawia na miguu michache mbele, unene wao kupita kidole gumba changu. Ukimweka mkononi alijikunja, na nyuma yake ungeona weusi wa samadi aliyokula ukipita ndani ya ngozi. Kuku wa Mama waliujua mlio wa ule wavu. Walikuja mbio, na mimi niliwarushia mabuu, na huo ndio uliokuwa mwisho wa mabuu katika ua wetu tangu ua uwepo.

Siku ambayo haikuwa hivyo, nilikuwa nimetoka mferejini. Jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke wa kutoka ziwani aliyeuza omena, alikuwa amekaa na sahani ya mbegu za maboga akiwagawia wenzake. Tulipendana sana yule mama na mimi. Niliinama nichukue mbegu mbili tatu, nizitafune tu, wala si kupanda. Akaivuta sahani. Aliivuta kidogo sana, kama mtu anayepisha mkono upite, huku akinitabasamia. Kisha akachagua mwenyewe mbegu chache akanidondoshea kiganjani, ili nisiziguse zilizobaki.

Nilirudi uani masikio yanawaka. Nikatikisa ule wavu kwa nguvu zangu zote, kuku wakaja, na buu mmoja akajikunja kiganjani mwangu, baridi, mzito. Nikamtazama. Nikasema moyoni, wewe hakuna anayekutaka, kwa hiyo hakuna atakayeninyima wewe. Nikafukuza kuku kwa mguu, nikaokota na wengine, nikawatia katika chungu alichonipa mama yangu nilipoolewa, ambacho kilikuwa kimepasuka mdomo na hakipikiki tena. Niliapa kwamba mabuu hawa wataishi mpaka mwisho wa ukuaji wao, uwe mwisho gani, na watakuzwa na mkono huu huu.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba hatukukubaliana mwisho wenyewe ni upi. Jirani aliapa kwamba buu wa samadi hugeuka fuko na kuchimba chini. Mume wangu alisema hugeuka dundu, yaani mbawakawa, yule mkubwa mweusi mwenye pembe anayekuja kugonga taa wakati wa mvua. Aliwahi kumwona mmoja akitoka katika lundo la samadi alipokuwa mdogo. Mama alisikiliza wote wawili, mabega yakaanza kucheka.

"Inageuka kuku," alisema. "Kuku inakula, inanona, sisi tunakula kuku. Sasa wewe unafuga chakula ya kuku na kuku iko na njaa?"

Nikafuga. Nilitaka wawe na matandiko mazuri kuliko yale ya kwenye lundo, kwa hiyo nilichota udongo wa chini ya mwarobaini. Mti huo ulikuwa fahari ya nyumba yetu. Baba mkwe, ambaye sikumkuta hai, alileta mbegu yake kutoka pwani, akaipanda nyuma ya jiko, na katika nyumba ile mwarobaini ulikuwa dawa ya kila kitu. Homa, upele, tumbo, meno, hata huzuni nadhani tuliichemshia. Chini yake majani yaliyooza miaka na miaka yalikuwa yamefanya udongo mweusi, laini, unaopita vidoleni kama unga. Niliuchanganya na samadi, nikajaza chungu, nikanyunyizia maji, nikafunika kwa kipande cha chandarua na jiwe. Mume wangu alikifunga kile chandarua kwa mpira wa baiskeli bila kuombwa, na hapo nikamsamehe.

Mwanzoni walikula. Kisha wakaacha. Nilipofukua kuwatazama niliwakuta wamelegea, rangi imefifia, mmoja ameanza kuvua ngozi kama wanavyofanya wakikua, ngozi imemkwama katikati na hakuweza kutoka wala kurudi. Nilifanya ambalo mtu yeyote wa nyumba ile angefanya kwa mgonjwa. Nilichuma majani ya mwarobaini, nikachemsha, nikaacha yapoe, nikawanyunyizia asubuhi na jioni. Nikaongeza majani mabichi juu ili wapate kivuli. Mama aliniona akaniambia hapo ndipo nimefanya vizuri.

Walikufa wote. Nilianza tena na mabuu wengine, udongo ule ule, dawa ile ile, na hata zaidi ya mwanzo, kwa sababu nilidhani mara ya kwanza nilichelewa kutibu. Hao nao wakakwama katika ngozi zao, wakageuka weusi, wakafa. Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko nikalia, kilio cha kweli, cha kamasi. Nilikuwa nimeanza kuamini. Hilo ndilo lililoniumiza, zaidi ya mabuu wenyewe. Niliitazama mikono yangu nikaona labda ni kweli, labda kuna kitu ndani yake kinachopita kwenda kwa viumbe na kuwaunguza.

Mama aliketi karibu yangu, akanipangusa uso kwa upindo wa leso yake.

"Si nilikuambia, mwanangu," alisema taratibu. "Wacha tu. Mungu atakupa kitu ingine."

Ningependelea anitukane.

Kazi ya jikoni ndiyo iliyonifumbua macho. Tulikuwa na gunia la maharagwe, na Mama alinituma nichambue ya kupika. Nikalifungua gunia, nikachota katika ungo, nikaanza kutoa yale majani makavu yaliyochanganyika na maharagwe, nayatupa chini moja moja. Maharagwe yalikuwa safi, hayakuwa na tundu hata moja, baada ya miezi yote ile. Nilifurahi kidogo, maana ni mimi niliyeyahifadhi. Kila mavuno nilikuwa ndiye ninayetia majani ya mwarobaini katika magunia ya nyumba ile, ili wadudu wasitotolewe humo wakaharibu maharagwe. Kazi ya kuzuia kitu kisitotolewe nilipewa mimi bila wasiwasi wowote.

Nikasimama na ungo mkononi. Nikatazama jani nililolishika. Nikatazama chungu changu kando ya ukuta. Nadhani nilipiga kelele, kwa sababu jirani alitoka mbio na mwiko akidhani ni nyoka.

"Kuna nini, nyaminwa?" aliuliza, maana ndivyo alivyoniita, dada yetu.

"Mwarobaini!" nikamwambia. "Nimewalisha sumu! Sisi wote tunajua inaua wadudu, tunaitia katika maharagwe iue wadudu, halafu mimi nimewatandikia wadudu wangu mwarobaini, nikawanywesha mwarobaini, nikawafunika mwarobaini!"

Jirani alinitazama, akatazama chungu. "Kwani wale walikuwa wadudu?" akauliza. "Mimi najua ni fuko."

Nilicheka mpaka ungo ukapinduka. Halafu, nikiokota maharagwe sakafuni, nikaanza kuipitia kesi yangu upya tangu mwanzo, kwa jicho la mtu aliyegundua shahidi mmoja ni mwongo. Maboga yangu nilikuwa nimeyafukia wapi? Karibu na mfereji, ambako maji ya sabuni ya ua mzima yalimwagika. Na mayai ya harusi je? Nikakumbuka karamu. Nikakumbuka pilau, na juu ya pilau nyama ya jogoo wa ua wetu, jogoo pekee, aliyechinjwa kwa heshima yangu. Mayai niliyowekea kuku wiki kadhaa baadaye yalikuwa ya kuku wasio na mume. Hata mkono wa malaika usingeyatotoa.

Nilikwenda kumweleza Mama, nikihema. Alisikiliza yote. Kuhusu jogoo alisema hakumbuki vizuri. Kuhusu mwarobaini uso wake ukabadilika, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mti ya marehemu haiui kitu," alisema. "Hiyo mti ilinyonyesha watoto wangu wote dawa."

Nikajua hapo kwamba maneno hayatanisaidia. Kilichohitajika ni dundu mwenye mabawa, aliye hai, akitembea juu ya mkono wangu mbele ya macho yake.

Nilikwenda Otonglo kwa mama yangu. Sikumwambia habari ya mkono wa moto, kwa sababu angekuja Kaloleni na mwiko. Nilimwomba tu samadi ya zizi la zamani lililoachwa, pamoja na nyasi za paa zilizooza nyuma ya nyumba, akanijazia gunia bila kuuliza. Nilichemsha dawa tena? La, nilikuwa nimeacha udaktari. Nilikisugua chungu kwa jivu, nikakianika juani, nikakijaza upya. Kisha nikaenda kwenye lundo la yule mzee nikachagua mabuu watatu wakubwa kabisa. Siku hiyo hiyo, mferejini, wakiwapo wote na ndoo zao, nilifanya jambo ambalo mtu mwenye akili hangelifanya. Nilitangaza.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ikatoka juu kuliko nilivyokusudia, "buu wangu hata mmoja akitoka na mabawa, kuku wako akitaka kuatamia tena, mayai nitamwekea mimi."

Maji yalizidi kujaa katika ndoo ya mtu yakamwagika. Mama mabega yakatikisika.

"Ikitoka," alisema.

Basi walikula, watatu wale! Walikula nyasi na samadi mpaka chungu kikawa kimejaa vidonge vya kinyesi chao, navyo nikavichekecha na kuvitia kwenye sukuma wiki. Nikaongeza chakula kingine, wakakimaliza. Walivua ngozi bila kukwama, wakatoka na vichwa vipya, vikubwa, vyeupe vya kuanzia, vikageuka kahawia baadaye. Nikiweka sikio kwenye chungu niliwasikia wakitafuna. Nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu, kwani utamwambia nani kwamba umefurahi kwa sababu ya kinyesi cha buu? Nilimwambia mume wangu. Akaja naye akaweka sikio, akasema, "Wanakula kushinda mimi," na tukacheka pamoja kwenye sakafu ya jiko.

Mvua za masika zilipokaribia, wakaacha kula. Walikuwa wamegeuka manjano, ngozi imekunjamana, na wakazunguka ndani ya chungu kana kwamba wamepoteza kitu. Mkono wangu ulinivuta kwenda kufanya jambo, kunyunyiza, kuongeza, kutibu. Nikakalia mikono yangu, nasema kweli, nikaikalia. Kisha hawakuonekana tena. Nilipopekua kidogo kwa kidole niligusa kitu kigumu, kama yai kubwa la udongo lililoshindiliwa. Nikagundua kwamba kila mmoja amejijengea kijumba na kujifungia humo. Nikakifunika chungu, nikakisogeza nyuma ya jiko, nikamwomba Mungu.

Aliyenitia msibani ni kuku. Mtetea wa Mama, yule mwekundu, alikuwa ameanza kulia kile kilio cha kutaka kuatamia, akitafuta pahali pa siri. Nilikuwa sokoni. Nilirudi nikakuta chandarua kimeraruliwa, udongo umetapakaa jikoni, na kuku ndani ya chungu changu, anachakura. Vijumba viwili vilikuwa vimevunjwa na hapakubaki kitu ndani. Cha tatu kilikuwa kimepasuka nusu, na katika vumbi, uchi kabisa, alilala kiumbe ambaye sijawahi kumwona. Alikuwa wa rangi ya asali iliyokolea, miguu imekunjwa kifuani, mabawa madogo yamebandikwa ubavuni, na juu ya kichwa, ndogo, iliyopinda, pembe.

Nilipiga yowe. Mama akaja, jirani akaja. Yule kiumbe alitikisa tumbo lake mara moja, na hapo nikajua bado anaishi.

"Basi," alisema Mama, na sauti yake ilikuwa na huruma, "sasa nyumba yake imeisha."

"Nitamjengea nyingine," nikasema.

Sikujua kama inawezekana. Hakuna aliyewahi kuniambia. Lakini nilikuwa nimeviona vile vijumba, jinsi vilivyokuwa laini ndani, vimepigwa lipu kama ukuta. Nikachukua samadi na udongo wa Otonglo, nikaulowesha kidogo tu, nikaukanda, nikaushindilia chini ya chungu. Kisha nikabonyeza shimo kwa kidole gumba, kama unavyobonyeza tonge la ugali liweze kuteka mchuzi, nikalirefusha, nikalilainisha pande zote mpaka halina mkwaruzo. Nikamwinua kwa jani la mgomba, nikamlaza humo chali, kama alivyokuwa amelala, nikafunika juu kwa kigae. Nilipoinua uso nilimwona Mama hatazami kiumbe. Alikuwa akitazama kidole changu gumba.

Tangu siku hiyo yule kuku mwekundu alifungwa kamba mguuni, na aliyemfunga si mimi.

Mvua zilinyesha, zikazidi. Nilifunua kigae mara chache sana, nikamkuta anazidi kuwa na rangi nzito, macho meusi, miguu nyeusi. Mama alianza kupita nyuma ya jiko mara nyingi kuliko kazi zake zilivyohitaji. Alisema anatafuta ufagio. Nilimkuta siku moja amechuchumaa kando ya chungu, mikono magotini, na aliponiona akasema ufagio haupo hapo.

Yeye ndiye aliyesikia kwanza. Ilikuwa alasiri, mvua imekatika, anachagua mchele, mimi naanika nguo. Akaniita kwa sauti ya ajabu. Ndani ya chungu kulikuwa na mkwaruzo, kisha kimya, kisha mkwaruzo mkubwa zaidi. Niliondoa jiwe na chandarua. Kigae kilisogea chenyewe. Ikatokea pembe.

Ikatokea pembe kwanza, ndefu, imepinda nyuma, inang'aa, kisha kichwa, kisha mgongo mpana mwekundu-mweusi kama mbao za kabati lililopakwa vanishi siku ile. Alikuwa mkubwa! Nilitia mkono, akapanda vidole vyangu kwa miguu yenye kucha, akanishika kwa nguvu hata ikauma. Nilipomgusa mgongo alitoa mlio, kama mlango mdogo usiotiwa mafuta. Nililia tena kwenye kizingiti kile kile, lakini safari hii nilikuwa nacheka.

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeitunga miezi yote ile, hotuba kali, yenye jogoo na sabuni na mwarobaini ndani yake. Sikupata nafasi hata ya kuianza, kwa kuwa Mama alikuwa ameshatoka mbio bila viatu hadi katikati ya ua.

"Njooni muone!" alipiga kelele, mlango kwa mlango. "Njooni muone kitu mke ya kijana yangu amefuga! Iko na pembe! Alifuga kutoka mnyoo mpaka ikakuwa na pembe! Nyumba yake ilivunjika akaijenga na kidole!"

Wakaja wote. Jirani wa omena alitazama, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Yawa!" alisema. "Na si fuko!"

Mume wangu aliporudi alikuta watu wamejaa uani kama kuna harusi. Nilimpa dundu ndizi iliyoiva, akainyonya, akazunguka katika mikono ya watu, na kila aliyeogopa kumshika alimwomba Mama, ambaye sasa alimshika kama aliyezaliwa naye. Karibu na magharibi, nikiwa nimemweka kiganjani, aliinua ule mgongo mgumu, ukagawanyika mara mbili, na kutoka chini yake yakakunjuka mabawa membamba, marefu, ambayo sikuelewa yalikuwa yamewekwa wapi. Alivuma. Upepo wake niliuhisi usoni. Akaondoka kwenye mkono wangu, mzito, akiyumba, wanawake wakainama wakipiga vigelegele, akapanda juu ya paa la jiko, akaupita mwarobaini wa marehemu kwa juu, akaelekea upande wa ziwa.

Kisha mume wangu, yule bwana wa maneno machache, akasema mbele ya ua mzima, "Hiyo mkono ni ya mke wangu."

Asubuhi yake Mama alikuja na ungo wa makapi ya mpunga, mayai juu yake, na kuku mwekundu kwapani. Akauweka ungo mapajani mwangu.

"Mwekee," alisema.

"Jogoo yuko wapi?" nikauliza.

"Jogoo ya nini?"

"Mama, nataka kumwona kwanza."

Mabega yakaanza. Alicheka mpaka kuku akamponyoka. Tulikwenda pamoja hadi kwa jirani, ambako jogoo mkubwa alikuwa amesimama juu ya ndoo ya omena kama mwenye nyumba, na nikaridhika. Nikasema bismillahi, nikayapanga mayai moja baada ya jingine chini ya kuku, na kuku hakunidonoa.

Watu wakinisikiliza mpaka hapa hungojea niseme kwamba baadaye nilipata mimba. Sikupata. Sikuzaa, hadi leo, na nililia kwa hilo miaka mingi, na sasa silii sana. Lakini tangu mwaka ule niliitwa kufukia maboga katika nyua ambazo hata sikuzijua, na jirani alipopanda yake alinisogezea sahani nzima.

Vifaranga walitoka asubuhi yenye ukungu. Nilikuwa nachota maji, nikasikia milio, nikaacha ndoo mferejini. Mama alikuwa ametangulia. Kupitia mlango wa banda nilimwona amepiga magoti, anawahesabu wale manjano chini ya mabawa ya mama yao, kisha akachukua yai moja lililobaki, akalitikisa sikioni. Lilikuwa viza. Akageuka kutazama kama kuna mtu. Mimi nilirudi nyuma ya ukuta. Akalifunika yai lile kwa upindo wa leso, akaenda haraka hadi nyuma ya choo, akarudi mikono mitupu akiipangusa.

Jirani alikuwa amefika mlangoni. "Wametoka wangapi?" aliuliza.

"Wote," alisema Mama. "Hakuna hata moja imebaki."